Mkataba wa ulinzi hauulizi ardhi ni ya nani

Ipo meli ya kivita katika Bahari ya China Kusini ambayo haijaenda popote tangu mwaka 1999. Jina lake BRP Sierra Madre. Iliundwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikapita mikono kadhaa, ikaishia Ufilipino, na mwaka huo Wafilipino wakaipandisha makusudi juu ya mwamba ambao wao huuita Ayungin, Wachina huuita Ren'ai na ramani nyingi za kimataifa huuita Second Thomas. Kutu imeila hadi ubavu umetoboka. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hii iliundwa, ila kuelea ilishaacha. Hata hivyo Manila haijawahi kuifuta kwenye orodha ya meli za jeshi lake la majini, na kikosi kidogo cha wanamaji huishi ndani yake kwa zamu, kikiletewa chakula na maji kwa boti.

Ukiuliza kwa nini nchi ing'ang'anie chuma chakavu namna hiyo, sehemu kubwa ya jibu imo katika karatasi iliyotiwa saini Washington tarehe 30 Agosti 1951. Mkataba wa Kujihami kwa Pamoja kati ya Marekani na Ufilipino unasema kwamba shambulio la silaha dhidi ya mmoja wao katika eneo la Pasifiki ni hatari kwa usalama wa mwenzake, na mwenzake atachukua hatua kwa kufuata taratibu za katiba yake. Ibara ya tano ndiyo inayotaja vinavyolindwa: ardhi kuu ya nchi, visiwa vilivyo chini ya mamlaka yake, na pia majeshi yake, vyombo vyake vya umma vya majini na ndege zake. Sasa, kuhusu nani mwenye visiwa na miamba ya bahari ile, Marekani kwa miongo mingi imekwepa kutoa hukumu. Mwamba ungeweza kubishaniwa hadi kiama. Meli haibishaniki. Ni ya jeshi la Ufilipino, na atakayeipiga amelipiga jeshi la Ufilipino.

Mambo haya tunayajua tangu shambani. Wewe na jirani yako mnagombea mpaka. Yeye anasema minyaa ilipandwa na babu yake, wewe unasema ilisogezwa usiku. Una kaka mjini, mwenye nguvu na gari. Kaka anakuahidi: "Jirani akikuvamia, nipigie, nakuja." Lakini akikuvamia wapi? Nyumbani kwako, au kwenye zile hatua tatu za ardhi mnazogombea? Kaka mwenye busara haitaji minyaa hata siku moja. Anaahidi nyumba. Nawe ukiwa mjanja utahamishia banda la kuku kwenye zile hatua tatu, kisha unangoja livunjwe.

Sierra Madre ni banda la kuku.

Watu wengi wanaposikia nchi fulani ina muungano wa kujihami na taifa kubwa, hudhani taifa kubwa limeingia kwenye ugomvi wa ardhi na kuchagua mwenye haki. Mara nyingi sivyo. Mkataba wa ulinzi hulinda kilichoandikwa ndani yake, na ukiutazama kwa makini utaona unamlinda zaidi aliyekwisha kushika ardhi kuliko anayeidai. Kutoka hapo ndipo ugomvi wenyewe hubadilika sura: kila upande huanza kutafuta namna ya kubadilisha mkono ulioshika bila kuliamsha lile neno "shambulio" lililomo kwenye karatasi.

Japani ni darasa zuri kwa sababu ina migogoro mitatu ya visiwa na mkataba mmoja. Mkataba wake na Marekani wa tarehe 19 Januari 1960, ibara ya tano, unazungumzia shambulio katika "maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani". Neno hapo ni utawala, na umiliki hautajwi. Visiwa vya Senkaku, ambavyo China huviita Diaoyu, viko mikononi mwa Japani tangu Marekani ilipovirudisha pamoja na Okinawa mwaka 1972; basi vimo. Takeshima, ambayo Wakorea huiita Dokdo, inashikiliwa na Korea Kusini. Haimo, na tena Korea Kusini yenyewe ni mshirika wa Marekani. Visiwa vya kusini mwa Kuril vilitwaliwa na Wasovieti mwaka 1945 na hadi leo viko kwa Urusi, navyo havimo. Japani inadai vyote vitatu kwa sauti ileile, ila mkataba unasikia dai moja tu. Barack Obama alipokwenda Tokyo Aprili 2014 alisema wazi kwamba ibara ya tano inaihusu Senkaku, na papo hapo akaongeza kwamba Marekani haina msimamo kuhusu mwenye visiwa hivyo hasa. Msikilizaji asiyezoea angedhani anajikanyaga. Kumbe alikuwa akisoma mkataba kama ulivyo.

Na China ilifanyaje? Haikushambulia. Tangu serikali ya Japani iliponunua visiwa vitatu kati ya hivyo kutoka kwa mwenye navyo mwaka 2012, meli za walinzi wa pwani wa China zimekuwa zikizunguka karibu na visiwa hivyo mfululizo, zikijiendesha kama polisi walio kwao. Kama ulinzi umefungwa kwenye neno "utawala", basi neno hilo ndilo la kulegeza, kidogo kidogo, bila risasi.

Mwaka 1984 mtaalamu wa siasa za kimataifa wa Kimarekani, Glenn Snyder, alieleza kwamba kila mshirika huishi na hofu mbili: kutelekezwa siku ya mvua, au kuburutwa kwenye vita visivyomhusu. Kaka wa mjini anaogopa ya pili. Kwa hiyo mikataba mingi iliyo karibu na ardhi yenye ugomvi ni silaha kwa adui na wakati huohuo kamba kwa rafiki. Mfano ninaoupenda ni wa Chiang Kai-shek. Baada ya kushindwa China bara alikimbilia Taiwan, lakini alibaki na visiwa vya Kinmen na Matsu vilivyo puani kabisa mwa bara, na ndoto ya kurudi kwa nguvu. Jeshi la Mao lilianza kuipiga Kinmen kwa mizinga Septemba 1954. Mkataba wa ulinzi aliopewa na Marekani mwezi Desemba mwaka huo ulitaja Taiwan na visiwa vya Pescadores, ukanyamaza kuhusu Kinmen na Matsu. Vingeingia tu iwapo pande zote mbili zingekubaliana. Siku chache baadaye zikabadilishwa barua zilizomzuia Chiang kutumia nguvu bila ridhaa ya Washington, isipokuwa kwa kujihami kwa dharura. Mwaka mmoja kabla, Syngman Rhee wa Korea Kusini, naye akiota kuiunganisha Korea kwa mtutu, alikuwa amepewa mkataba wa namna hiyo: utamsaidia akivamiwa, hautamsaidia akivamia.

Wakati mwingine mkataba hunyamaza kwa sababu ya jiografia tu. Argentina ilipovitwaa visiwa vya Falkland, wao huviita Malvinas, tarehe 2 Aprili 1982, NATO haikuwa na wajibu wa kuipigania Uingereza, maana ibara ya sita ya mkataba wake inaishia kaskazini mwa Tropiki ya Kansa. Argentina nayo iliuinua mkataba wa Rio wa mwaka 1947 wa nchi za Amerika. Ilipata maneno matamu ya mshikamano na hakuna kikosi hata kimoja, huku Marekani, mwanachama mwenziwe katika mkataba huohuo, ikiisaidia London. Vita vikaisha baada ya siku 74.

Anayetaka kuona uchungu wa jambo hili aitazame Armenia. Ni mwanachama wa Shirika la Mkataba wa Usalama wa Pamoja linaloongozwa na Urusi, ambalo mizizi yake ni mkataba uliotiwa saini Tashkent mwaka 1992. Ibara yake ya nne inasema kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote. Waarmenia wa kawaida waliamini ngao hiyo imewafunika. Tatizo ni kwamba ardhi waliyokuwa wakiigombea na Azerbaijan, Nagorno-Karabakh, kisheria ilitambuliwa na dunia kuwa sehemu ya Azerbaijan, hata kama waliokuwa wakiishi na kutawala humo ni Waarmenia. Vita vilipolipuka tarehe 27 Septemba 2020, Vladimir Putin alisema kwamba mapigano hayakuwa katika ardhi ya Armenia, kwa hiyo wajibu wa mkataba haukuguswa. Upande wa pili, Azerbaijan ilikuwa na Uturuki, iliyokwisha kuahidi msaada kwa mkataba wa mwaka 2010 na haikuona haya. Siku 44 zikatosha.

Mpaka hapo, mtu baridi angeweza kusema Urusi ilisoma karatasi yake sawasawa. Lakini Septemba 2022 Azerbaijan ilipiga ndani ya Armenia yenyewe, hadi karibu na mji wa Jermuk. Armenia ikainua ibara ya nne. Ilichopata ni ujumbe wa kuchunguza hali. Tangu mwaka uliotangulia hoja ilikuwa ileile: mpaka kati ya nchi hizo mbili haujawekewa alama tangu Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, basi nani ajue risasi imevuka au haijavuka? Hapo ndipo ugomvi wa mpaka unapogeuka kichaka cha mshirika asiyetaka kuja. Septemba 2023 Azerbaijan ilimaliza kazi Karabakh kwa takriban saa 24, na Waarmenia zaidi ya 100,000 wakafungasha na kuondoka. Mwanzoni mwa 2024 Yerevan ikatangaza kuusimamisha ushiriki wake katika shirika lile.

Wasomi wamewahi kuhesabu ni mara ngapi washirika hutimiza ahadi vita vinapokuja. Hesabu moja mashuhuri ya mwaka 1980 ilitoa jibu la kukatisha tamaa: kama asilimia 27 tu. Miaka 20 baadaye Brett Ashley Leeds na wenzake walirudia kazi hiyo kwa njia ya kiungwana zaidi: wakasoma kwanza kila mkataba uliahidi nini hasa, dhidi ya nani, na katika mazingira gani. Asilimia ikapanda hadi karibu 75. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni tofauti kati ya aliyesoma mkataba na aliyesikia habari zake barazani. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2003 Leeds alionyesha kwamba ahadi ya kumlinda anayeweza kushambuliwa hupunguza uwezekano wa ugomvi kuanza, ilhali ahadi ya kumsaidia mchokozi, au hata ya kukaa pembeni tu, huuongeza.

Hayo tuliyaona Pembe ya Afrika kwa miaka 15, na pande zote mbili za sarafu.

Somalia ilizaliwa tarehe 1 Julai 1960 ikiwa na bendera ya nyota yenye ncha tano, na kila ncha ilikuwa na maana: Somalia ya Waingereza, Somalia ya Waitaliano, Djibouti iliyokuwa chini ya Wafaransa, Ogaden iliyo Ethiopia, na ile wilaya kubwa ya kaskazini ya Kenya iliyojulikana kama NFD. Mbili zilikuwa zimeungana. Tatu zilibaki kwenye kitambaa. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilizunguka NFD na kukuta wakazi wengi wanataka kuungana na Somalia. London iliamua vinginevyo, na Machi 1963 Mogadishu ikavunja uhusiano nayo wa kibalozi.

Jomo Kenyatta na Haile Selassie walikuwa watu wasiofanana kwa lolote: mmoja alitoka kizuizini kuwa kiongozi, mwingine alikaa kwenye kiti cha enzi cha kale. Walichoshiriki ni jirani mmoja anayedai ardhi ya wote wawili. Mkataba wa kujihami kati ya Kenya na Ethiopia ulifungwa mwaka huohuo wa 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza inajitawala. Tazama ulivyokuwa: wote wawili walikuwa washikaji wa ardhi, hakuna mdai kati yao. Hakuna aliyeweza kumburuta mwenzake kwenye vita vya kuteka. Nadhani hiyo ndiyo siri ya uhai wake mrefu. Mpaka wao wenyewe waliumaliza kwa mkataba mwaka 1970. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1974 na Ethiopia kushikwa na wanajeshi waliojiita Wamarx, Nairobi ya ubepari haikuuchana. Kenyatta alipofariki, Moi akauhuisha uhusiano huo kwa mkataba mpya mwaka 1979. Itikadi zilipita, hofu ilibaki.

Mkataba ulizuia vita? Vita vya majeshi, naamini ndiyo, kwa upande wa Kenya. Somalia haikuwahi kuvuka na vifaru kuelekea Garissa. Lakini ugomvi haukufa, ulishuka ngazi: wapiganaji wa msituni, mabomu ya kutegwa barabarani, redio ya Mogadishu ikiwaita ndugu zao. Serikali ya Kenya ikawaita shifta, majambazi, na kutangaza hali ya hatari katika eneo hilo Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera ya uhuru kupanda. Raia walisombwa kuwekwa kwenye vijiji vya kulindwa na mifugo yao ikaisha. Hali ya hatari ilikuja kuondolewa mwaka 1991. Hilo huwa linasahaulika tunapousifu mkataba: ulimtuliza jirani wa nje, na kwa maoni yangu ukaifanya Nairobi isione haja ya kukaa chini na watu wa ndani, wale ambao ardhi inayogombewa ndiyo kwao. Mikataba hii haina mahali pao pa kutia saini.

Ngao haikuwa karatasi moja pekee. Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha azimio lililopendekezwa na Nyerere la kuheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru. Somalia ililikataa. Kwa hiyo anayedai alikuwa peke yake mbele ya majirani wawili walioungana na bara zima, na Oktoba 1967, kwa upatanishi wa Kaunda, waziri mkuu Egal alikubaliana na Kenyatta mjini Arusha kutuliza mambo.

Tatizo la kumzingira mdai ni kwamba naye hutafuta kaka. Kuanzia mwishoni mwa 1963 Somalia ilichukua silaha za Kisovieti, na mwaka 1974 Siad Barre akatia saini mkataba wa urafiki na ushirikiano na Moscow. Wasovieti walipata kituo Berbera. Barre alipata vifaru na ndege za MiG, na jeshi lililokuwa miongoni mwa yenye silaha nzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Je, alipata ahadi ya kusaidiwa kuitwaa Ogaden? Hapana. Alipata nguvu bila ahadi, na kwangu huo ndio mchanganyiko wa hatari kuliko yote, maana nguvu humfanya mtu aisikie ahadi isiyotamkwa. Julai 1977, Ethiopia ikiwa inatokwa damu kwa mapinduzi yake, jeshi la Somalia liliingia Ogaden, na kufikia Septemba likawa limeiteka Jijiga.

Moscow ikampima rafiki mmoja dhidi ya mwingine na kuchagua Addis Ababa, iliyokuwa kubwa zaidi na yenye haki ya mpaka kwa kipimo cha Afrika nzima. Tarehe 13 Novemba 1977 Barre aliuvunja mkataba na kuwafukuza Wasovieti, akitumaini Marekani ingeziba pengo. Marekani ilikuwa imedokeza katikati ya mwaka kwamba ingeweza kumpa silaha za kujihami, kisha ikarudi nyuma ilipoona askari wake wako upande wa pili wa mpaka. Ndege za Kisovieti zilimimina silaha Ethiopia, wakaja Wacuba zaidi ya 10,000. Kenya haikupeleka jeshi Ogaden, ila ilionyesha imesimama wapi: Februari 1978 ndege zake za kivita ziliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba shehena ya silaha kwenda Somalia itue. Machi Jijiga ikarudi, na Barre akatangaza anaondoa majeshi.

Siku hizi mchezo unachezwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu wote wameshasoma mikataba ya wenzao. Machi 2019 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Mike Pompeo, alisema Manila kwamba Bahari ya China Kusini ni sehemu ya Pasifiki kwa maana ya mkataba wa 1951. Mwaka 2023 nchi hizo mbili zikaandika kwamba hata meli za walinzi wa pwani zimo. Kila neno likiongezwa upande huu, upande wa pili hushuka ngazi moja: kutoka manowari hadi walinzi wa pwani, kutoka walinzi wa pwani hadi kundi la boti za uvuvi ambazo hazivui samaki, kutoka risasi hadi mizinga ya maji.

Mei 31, 2024, Rais Marcos aliuambia mkutano wa usalama Singapore kwamba Mfilipino akiuawa kwa kukusudia, hapo watakuwa karibu sana na kitendo cha vita. Siku 17 baadaye boti zilizokuwa zikipeleka mahitaji Sierra Madre zilizingirwa na walinzi wa pwani wa China waliobeba visu na mashoka. Boti zilitobolewa, silaha zikachukuliwa, na mwanamaji mmoja akakatwa kidole gumba. Hakuna aliyekufa, hakuna risasi iliyofyatuliwa. Manila ikasema si shambulio la silaha. Mwezi uliofuata serikali za Ufilipino na China zikaelewana jinsi chakula kitakavyofikishwa kwenye meli. Kuhusu mwamba hawakuelewana neno.